Macalder Yangoja Ndege Wake

Ndege hana hati ya shamba. Mahali pakimfaa hushuka, pasipomfaa hupapita juu kwa juu. Kwa hivyo anayetaka kujua kama ardhi iliyochimbwa imepona, na aketi kando ya maji asubuhi na mapema, ahesabu ndege.

Sisi watu wa Pwani mfano tunao karibu, huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hata ukabaki uwanja mweupe wa jua na chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuuotesha. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, na uliofana zaidi ni mvinje. Mti huu hupata mbolea kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, lakini majani yake makavu hayaozi upesi. Wakaletwa majongoo, wakayatafuna, na choo chao kikawa udongo. Yakachimbwa madimbwi, wakatiwa samaki. Na penye samaki, mnandi, yangeyange na mdiria hawangoji kualikwa.

Je, Macalder? Mgodi huo wa shaba na dhahabu, ulioko Nyatike katika Migori, ulifungwa mwaka 1966. Wenyewe walikwenda zao, vifusi vikabaki, na wachimbaji wadogo huvirudia kutafuta chembe za dhahabu kwa zebaki. Hapa msomaji asighurike. Jiwe la Bamburi ni chokaa tu. Kifusi cha Macalder kina madini ya salfa, ambayo yakikutana na hewa na mvua hutoa maji makali yanayobeba sumu za arseniki na risasi. Zebaki nayo ikishuka matopeni huingia kwa vidudu, kisha kwa samaki, kisha kwa mnandi, na kwa binadamu alaye samaki yule yule. Mto Migori nao huungana na Kuja, na maji yake huishia Ziwa Viktoria.

Basi ndege mmoja akitua dimbwini si ushahidi wa uzima; huenda ni msafiri mwenye kiu. Mtazamaji aangalie kama wanajenga viota, wanaatamia, na makinda yanaruka. Walakini kwanza vifusi vifunikwe, maji yake yazuiwe yasifike mtoni, na wachimbaji waonyeshwe njia isiyotumia zebaki, maana nao wana watoto wa kulisha. Miti na madimbwi yafuate baadaye.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akipanda mti, na ndege akala katika matunda yake, huandikiwa sadaka. Kwa kipimo hicho hicho, aachaye sumu mahali pa kunywea ndege na watu ana deni shingoni. Deni la Macalder lingali linangoja mlipaji, na siku litakapolipwa, wa kwanza kutujulisha watakuwa ndege.