Paneli Ni Zile Zile, Mbona Bei ya Sola Hutofautiana?

Mkazi anayetafuta bei ya sola kwenye simu hukuta hesabu zisizolingana. Nchini Marekani, kufunga mtambo wa nyumbani wa kilowati 6 hugharimu karibu dola 18,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 2. Nchini Australia, mtambo wa ukubwa huo hufungwa kwa takriban thuluthi moja ya pesa hizo. Si kwamba paneli za Australia ni hafifu. Kote duniani, paneli nyingi hutengenezwa China.

Tofauti kubwa iko katika mambo yasiyoonekana juu ya paa. Marekani, karibu kila mji una masharti yake ya ujenzi. Kampuni huchora ramani, huomba kibali na kungoja. Kisha huja mkaguzi, halafu kampuni ya umeme nayo itoe idhini. Kuna pia matangazo na mawakala wanaobisha hodi nyumba hadi nyumba, na anayewalipa hatimaye ni mteja. Gharama zisizo za vifaa huzidi nusu ya bei. Ongeza ushuru ambao nchi hiyo imetoza paneli za China tangu 2012. Australia hupunguza makaratasi hayo, serikali hutoa punguzo, na mafundi waliozoea kazi humaliza nyumba moja kwa siku.

Hapa Kenya hesabu ni nyingine. Ufundi ni nafuu, lakini familia nyingi huhitaji betri kwa sababu stima hupotea au nyaya hazijafika. Bei za Australia zilizotajwa hazina betri. Kwa hivyo anayelinganisha bei hizo na ya fundi wake analinganisha vitu viwili tofauti, na huenda akamlaumu fundi bure. Betri ya risasi ni rahisi kununua lakini huhitaji kubadilishwa mapema. Ya lithiamu ni ghali mwanzoni, ila hudumu zaidi.

Kabla ya kulipa chochote, mkazi anashauriwa kudai makadirio ya maandishi yanayotenga bei ya paneli, inveta, betri, nyaya na ufundi. Fundi aonyeshe pia leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Anayekataa kutenga bei, au asiye na leseni, asipewe hata arbuni.