Majahazi ya Sur mbele ya majaji wa The Hague

Na Mwandishi Wetu

Mjini Sur, mashariki ya Oman, limehifadhiwa jahazi kubwa la mbao liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951. Wazee wa Unguja, Mombasa na Lamu wanavikumbuka vyombo vya Sur: vikija na kaskazi, vikirudi na kusi vimesheheni boriti. Wasiojulikana sana ni wale wenye majahazi ambao bendera yao ilizua kesi ya kimataifa. Kijana anayetaka kuwa wakili wa kesi za biashara ingemfaa aisome.

Mwishoni mwa karne ya 19 manowari za Uingereza zilikuwa zikisimamisha majahazi na kuyapekua, zikitafuta watumwa. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Basi baadhi ya watu wa Sur, ingawa walikuwa raia wa Sultani wa Muscat, walichukua hati na bendera za Kifaransa. Kwa mfanyabiashara hiyo ilikuwa kinga: safari haikucheleweshwa, shehena haikuguswa. Wapo pia walioitumia kinga hiyo kubebea watumwa, na hilo halifai kufichwa.

Sultani Faisal bin Turki akaona raia wake wanamponyoka, na Waingereza wakaona njia ya upekuzi imezibwa. Oktoba 1904 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kuipeleka kesi kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Waamuzi walikuwa watatu: Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani, de Savornin Lohman wa Uholanzi, na Heinrich Lammasch wa Austria. Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905.

Hapa ndipo penye somo. Swali kubwa halikuwa nani mwema na nani mbaya, bali karatasi ilitolewa lini, na kwa haki gani. Iliamuliwa kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouridhia Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya utumwa, iliweza kutoa bendera kwa masharti yake yenyewe. Waliokwisha kuipata wangeendelea nayo maadamu Ufaransa inawahuishia. Baada ya siku hiyo asipewe mtu, isipokuwa aliyethibitisha kwamba Ufaransa ilimhesabu kuwa chini ya himaya yake kabla ya 1863.

Hebu fikiria, ndugu msomaji: nahodha wa Sur mwaka 1905 angeutoa wapi ushahidi wa miaka zaidi ya 40 nyuma?

Tena ruhusa haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la mwenyewe huyo huyo. Na ingawa jahazi lenye ruhusa halali halikupekuliwa katika maji ya Muscat, mwenye chombo, nahodha na mabaharia walibaki chini ya mahakama za Sultani. Bendera ilikinga jahazi, haikumkinga mtu.

Na walioshindana The Hague ni serikali mbili. Wenye majahazi, ambao mali yao ndiyo iliyokuwa hatarini, hawakuwa wahusika wa kesi.

Hiyo ndiyo kazi ya wakili wa biashara hadi leo. Maneno matamu mbele ya jaji ni sehemu ndogo. Kubwa ni kukaa na mteja mapema, kuuliza nani alitia saini, tarehe gani, na karatasi iko wapi. Sur, Ibra na Nizwa wamo watu wetu wengi wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao, wakafanya ushirika wa duka au lori kwa kuaminiana tu kwa sababu ni jamaa. Siku wakigombana, kesi katika mahakama za Oman huendeshwa kwa Kiarabu, na aliyetia saini hati asiyoielewa atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Ni heri kumlipa wakili akusomee mkataba kabla ya saini kuliko kumlipa akutetee baadaye.

Sisi tunaoishi ugenini hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Tumeshasimama madirishani, tukaulizwa karatasi tuliyoiacha nyumbani siku tuliyokimbia, na ukweli wetu usitufae kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Sur walikuwa na karatasi, lakini wengine tarehe yake haikuwafaa.