Majina Yanayovunjika na Picha Zisizofika



Katibu wa parokia anaandika ripoti kwenye kompyuta ya ofisi. Anaweka orodha ya familia zilizokimbia, anaongeza picha ya kanisa lililoezuliwa, kisha anaituma Kindu au Bukavu. Kwake yote yanaonekana vizuri. Anayeifungua huko anakuta mraba mtupu mahali pa picha, na baadhi ya majina hayasomeki. Kwa mtu anayetafuta jamaa yake katika orodha hiyo, labda akiwa kambini Nyarugusu mkoani Kigoma, jina lililovunjika ni sawa na jina lisilokuwepo.

Tuanze na herufi. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, inahifadhi namba yake. Umbo linatoka katika fonti, na fonti inakaa ndani ya mashine. Ukichagua fonti ya mapambo ambayo mwenzako hana, mashine yake itatumia nyingine: mistari inasogea, kichwa cha habari kinashuka ukurasa wa pili, lakini maneno yanasomeka. Hilo ni tatizo dogo. Tumia fonti za kawaida kama Arial au Times New Roman, nalo litapungua sana.

Tatizo kubwa ni namba zenyewe zikisomwa kwa utaratibu mwingine. Hapo «Église» inageuka «Ã‰glise». Kubadili fonti hakutasaidia kitu. Unapohifadhi faili la maandishi matupu, chagua UTF-8, na anayelifungua achague hiyo hiyo.

Kiswahili, ambacho Kasongo ilikizoea tangu misafara ya karne ya 19, hakina alama juu ya herufi, basi kwa kawaida kinapita salama. Ndiyo maana ripoti nzima inaweza kusomeka vizuri huku jina moja lenye «é» limeharibika, na lawama zinamwangukia katibu kwamba hajui kuandika!

Nyimbo za zamani zilizopigwa chapa kwa lugha zenye «ɛ» na «ɔ», kama Kilingala, zina ugumu wake. Kabla ya Unicode kuenea, watu walitengeneza fonti zao na kuchora «ɛ» mahali pa herufi nyingine. Fonti hiyo ikikosekana, ile herufi nyingine ndiyo inayojitokeza. Dawa ni kuzibadilisha moja baada ya nyingine. Ni kazi ya siku kadhaa, lakini inafanywa mara moja tu.

Sasa picha. Mara nyingi kinachotumwa si picha, ni anwani yake. Anwani kama «C:\Picha\Kanisa.JPG» inaelekeza kwenye diski ya kompyuta yako wewe. Ni kama kumwambia mtu aliye Bukavu achukue kitabu kilicho juu ya meza yako Kabambare. Ingiza picha yenyewe ndani ya ripoti. Kama ni lazima kutumia anwani, weka folda ya picha pamoja na ripoti, uandike kwa ufupi: «picha/kanisa.jpg», kisha utume vyote viwili.

Angalia pia herufi kubwa na ndogo. Windows haijali kama ni «Kanisa.JPG» au «kanisa.jpg», lakini kompyuta nyingi zinazohifadhi kurasa za mtandao zinatumia Linux, na kwake hayo ni mafaili mawili tofauti. Majina ya picha yawe na herufi ndogo tu, bila nafasi na bila alama za Kifaransa.

Picha ya simu inaweza kuzidi megabaiti 3. Ipunguze hadi kilobaiti 200 hivi. Kwa kusoma kwenye simu inatosha, na mtandao wetu utaibeba.

Kabla ya kutuma, hifadhi nakala ya PDF, ambayo kwa kawaida inabeba fonti na picha ndani yake. Itie kwenye flashi, uifungue katika kompyuta au simu nyingine, ya jirani hata. Barabara ya Kabambare hadi Kasongo si ya kurudia kwa pikipiki kwa sababu ya picha moja. Faili la kwanza ulilolitengeneza PDF usilifute: jina likihitaji kusahihishwa, utalisahihisha humo.