Kicheza Muziki cha Mkononi: Chagua Ukiyafikiria Masikio

Vijana wengi wanawaomba wazazi wao wawanunulie kicheza muziki cha mkononi, yaani kile kichombo kidogo cha kutia mfukoni ambacho wengi hukiita MP3. Wazazi nao hukipendelea kuliko simu, kwa sababu vile vya kawaida havina intaneti wala michezo. Mwanakwaya hujifunzia sauti yake, mwanafunzi husikiliza masomo yaliyorekodiwa. Ni kitu chema. Lakini dukani tunauliza bei, rangi na idadi ya nyimbo. Ni wachache wanaouliza habari za masikio.

Kwa nini sauti kubwa inadhuru?

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojipinda kama konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana. Sauti ikiingia huvitikisa, nazo seli hupeleka habari kwenye ubongo. Fikiria nyasi za uwanjani. Zikikanyagwa mara moja huinuka tena. Zikikanyagwa kila siku hufa, na pale panabaki njia tupu. Tofauti ni kwamba nyasi huota mvua ikinyesha, lakini seli za sikio zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia huongeza sauti tu, hakiponyi.

Ubaya ni kwamba madhara haya huja polepole, bila maumivu. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Mtoto hukosa kusikia vizuri herufi kama s, f na t, na darasani huonekana mzembe au mkaidi. Huenda akaadhibiwa kwa kosa ambalo si lake.

Kiasi gani kinafaa?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU) yalitangaza viwango vya usalama kwa vyombo hivi: mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila unapoongeza desibeli 3, muda wa usalama hupungua nusu. Hivyo kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5. Ukifika desibeli 98, unabaki na dakika zipatazo 38 tu kwa wiki nzima! Na vicheza muziki vingi vinaweza kufika desibeli 100.

Mambo ya kuangalia dukani

1. Kikomo cha sauti. Mwombe muuzaji akuonyeshe kama chombo kina mpango wa kuzuia sauti isipite kiasi fulani, na kama mzazi anaweza kuufunga kwa namba ya siri. Hili ndilo la kwanza.

2. Spika za masikioni. Zile zinazoziba sikio vizuri, au zinazolifunika lote, huzuia kelele za nje, hivyo mtu hana haja ya kuongeza sauti akiwa ndani ya basi. Zilizolegea humlazimisha kuongeza. Zipo pia za watoto zenye kikomo, mara nyingi desibeli 85. Hata hizo zisitumike kutwa.

3. Vitufe. Vitufe vya kubonyeza hurahisisha kupunguza sauti upesi hata bila kutazama.

4. Nafasi ya kuhifadhi. Wimbo wa dakika nne huchukua takriban megabaiti 4, kwa hiyo gigabaiti 8 zatosha nyimbo zipatazo 2,000. Usilipie zaidi bila sababu. Jihadhari na kadi za bei rahisi mno zinazodai nafasi kubwa; nyingine ni za bandia, na nyimbo hupotea.

5. Betri. Uliza kama inaweza kubadilishwa. Ukiuziwa iPod iliyotumika, kumbuka kuwa kampuni ya Apple ilitangaza mwisho wa chombo hicho mwaka 2022, na betri yake huenda imechoka. Betri yoyote iliyovimba isichajiwe.

Kanuni za nyumbani

- Sauti isipite asilimia 60 ya uwezo wa chombo.
- Mtoto akiwa amevaa spika, msemeshe kwa sauti ya kawaida ukiwa umbali wa mkono mmoja. Asipokusikia, apunguze.
- Masikio yapumzishwe kila baada ya muda, na asilale akiwa amezivaa.
- Zivuliwe wakati wa kutembea barabarani, kuvuka au kuendesha baiskeli. Honi haimwokoi asiyeisikia.
- Kila mtu awe na zake, na azifute mara kwa mara kwa kitambaa safi. Mwenye sikio linalotoa usaha asizitumie, bali aende kutibiwa.

Dalili za kuangalia

Mtoto akilalamika kwamba masikio yanavuma au yanalia kama nyenje, akiuliza “nini?” mara kwa mara, au akiongeza sauti ya redio kuliko wenzake, mpelekeni hospitali apimwe. Huenda ni nta tu au ugonjwa unaotibika. Msimwagie mafuta masikioni wala kuchokoa kwa njiti. Na mtu akipoteza usikivu ghafla, asisubiri. Aende siku hiyohiyo.

Wazazi, kicheza muziki kikiharibika mnaweza kununua kingine. Sikio halina duka. Tuwafundishe watoto mapema kusikiliza kwa kiasi, ili hata uzeeni waweze kusikia wajukuu wao wakiwaita.