Mchele wa Pakistani: Mwagizaji Atazame Banio la Kotri

WAAGIZAJI wa mchele mjini Mombasa huangalia bei ya dola na nauli ya meli kabla ya kutuma oda Karachi. Lipo jambo la tatu ambalo wengi hulisahau: maji yanayofika Kotri.

Kotri ni banio la mwisho katika mto Indus kabla mto huo haujamwaga maji baharini. Lilikamilika mwaka 1955 karibu na mji wa Hyderabad, jimbo la Sindh, na lina milango 44. Kazi yake si kuhifadhi maji kama bwawa, bali kuyainua ili yaingie katika mifereji minne mikuu. Mitatu iko upande wa kushoto wa mto, nayo hupeleka maji katika mashamba ya mpunga na miwa ya Sindh ya chini. Wa nne, Kalri Baghar, uko upande wa kulia. Huo hunywesha mashamba ya Thatta na kujaza ziwa Keenjhar, ambalo hulisha mabomba ya Karachi, mji wa watu wapatao milioni 20.

Kwa hiyo mto ni mmoja, wateja ni wawili.

Miezi ya wasiwasi

Sindh hulima zaidi mchele mrefu wa kawaida, hasa aina ya IRRI-6. Basmati hutoka zaidi jimbo la Punjab. Mchele huu wa kawaida ndio mnunuzi wa kipato kidogo huuona dukani, kwani pishori ya Mwea ni ghali kwake.

Vitalu vya mpunga huhitaji maji kuanzia Aprili na Mei. Wakati huo mabwawa makubwa ya kaskazini, Tarbela na Mangla, huwa yamepungua, na theluji ya milimani ndiyo kwanza inaanza kuyeyuka. Maji yakichelewa, upandikizaji wa miche nao huchelewa. Kotri, kwa kuwa liko mwisho wa mto, ndilo huonja uhaba mapema. Larkana, eneo jingine kubwa la mpunga, hutegemea mabanio ya Sukkur na Guddu yaliyo juu zaidi.

Sera ya maji ya Pakistan ya mwaka 2018 inatanguliza maji ya kunywa. Maana yake, uhaba ukizidi, mkulima ndiye wa kupunguziwa. Mvutano huu hautapungua, kwa sababu awamu ya kwanza ya mradi wa K-IV imekusudiwa kuipa Karachi galoni milioni 260 zaidi kwa siku kutoka Keenjhar. Kusakafia mfereji wa Kalri Baghar kumepangwa ili kuokoa maji yanayopotea ardhini. Chini ya banio nako bahari inazidi kuingia katika mashamba ya Thatta, Sujawal na Badin, kwa kuwa maji ya mto yanayofika huko ni machache.

Mafuriko nayo ni hasara

Maji mengi kupita kiasi pia si heri. Mwishoni mwa Agosti 2010 zaidi ya futi za ujazo 900,000 kwa sekunde zilipita Kotri, ilhali banio lilijengwa kuhimili 875,000. Mwaka 2022 mvua kubwa na mafuriko viliharibu mpunga mwingi wa Sindh.

Maji peke yake hayapangi bei. India ilipozuia mchele mweupe usio basmati kwenda nje Julai 2023, wanunuzi walikimbilia Pakistan na bei ikapanda. Zuio hilo liliondolewa Septemba 2024.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, funzo ni la kalenda. Habari za maji za Aprili hadi Juni hutangulia mavuno ya Oktoba kwa miezi kadhaa. Mwenye kuzifuatilia anapata nafasi ya kugawa oda zake, nyingine kabla ya mavuno na nyingine baadaye. Anayengoja meli ifunge gati Kilindini hununua kwa bei waliyokwisha kuipanga wenzake.