Mashua Juu ya Kuba: Siku Zangu za Mwanzo Mjini Cairo



Wiki tatu za mwanzo nilimdanganya mamangu. Kila jioni aliponipigia simu kutoka Kisauni akaniuliza, "Wasemaje, mwanangu?", nilimjibu kuwa masomo ni mazuri, chakula ni kizuri, na mji nimeshauzoea. Ukweli ni kwamba mji sikuujua. Nilijua njia mbili tu: ya kwenda darasani na ya kurudi chumbani. Ninayasimulia haya kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani zina binti au kijana anayefunga sanduku kwenda kusoma ng'ambo, na wazazi wake wanadhani mzigo mzito kuliko yote ni nauli na ada.

Niliondoka nyumbani nikijiona nimekamilika. Madrasa nilikuwa nimehitimu, sarufi ya Kiarabu naijua, na vitabu vya fiqhi nimevisoma mbele ya maalim. Nilikwenda Cairo kuanza mwaka wa lugha ili, nikijaaliwa, nijiunge na upande wa wasichana wa Al-Azhar. Chuo hicho kina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, lakini wanawake walifunguliwa vitivo vyao kwa sheria ya mwaka 1961. Mlango nilioutaka mimi, basi, ni mdogo kwa umri kuliko nyanya yangu.

Siku ya pili nilikwenda kununua mkate. Nikamwambia muuzaji kwa Kiarabu fasihi, nikitia irabu zote za mwisho kama nilivyofunzwa, kwamba nataka khubz. Akatabasamu, akamwita mwenzake aje asikilize. Hawakunikejeli. Walifurahi kama anavyofurahi mtu wa Mombasa akimsikia mgeni akiagiza mbaazi na mahamri kwa lugha ya taarifa ya habari. Lakini mimi nilishikwa na haya. Mitaani jimu yao husikika kama "ga", kafu nzito humezwa kooni, na anayeuliza "wapi" hasemi ayna bali husema fein. Nilirudi chumbani na mkate mkononi na machozi machoni. Tangu siku hiyo nikawa nanunua biskuti katika duka ambalo mtu hujichukulia mwenyewe na kulipa bila ya kutamka neno.

Aliyenizindua ni mwenzangu wa chumbani, msichana kutoka Ngazija. Jioni moja alinisikia nikimwambia mama kwamba nimekula nikashiba, na mezani pana karatasi ya biskuti. Simu ilipokatika hakunikaripia. Alisema tu, "Mamako anamwombea dua msichana ambaye hayupo."

Usiku ule ule nilimpigia mama tena, nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda, hata nikadhani nimemvunja moyo. Kisha akauliza, "Huo mkate wao, wenyewe wauitaje?" Nikamwambia sijui. "Basi kesho kaulize, uje uniambie."

Kesho yake nilirejea kwa muuzaji yule yule. Nilikionyesha kile kipande cha duara chenye joto, nikauliza jina lake. Akajibu, "Eish." Nilisimama nikalitafakari neno. Eish kwa Kiarabu ni uhai, na ndilo shina la "kuishi" na "maisha" yetu. Watu wa Misri mkate wameuita uhai! Nilipomweleza mama, alicheka hadi akakohoa. "Kumbe neno lenyewe twalo nyumbani miaka yote," akasema.

Kuanzia hapo nilitoka chumbani kwenda kutafuta maneno. Nikawasikia wakitaja sabuni, daftari na fulusi, nikatambua kuwa nusu ya soko lao nimekuwa nikilibeba mdomoni tangu utotoni. Asubuhi nikala ful, maharagwe yaliyopikwa polepole hadi yakalainika, nikayalinganisha na mbaazi za nazi, na mbaazi zikashinda. Mchana nikala koshari: wali, dengu na makaroni katika bakuli moja, juu yake nyanya na vitunguu vya kukaanga. Ni shibe ya mwanafunzi asiyekuwa na fedha nyingi.

Nilijifunza pia kupanda treni ya chini ya ardhi, iliyoanza kazi mwaka 1987 ikiwa ya kwanza barani Afrika. Mabehewa ya katikati yametengewa wanawake. Humo utawakuta kina mama na vikapu vya mboga, wanafunzi wakisoma msahafu, na watoto wamelala mapajani. Nilipanda Abbasiya nikitaka kushuka Ataba, niende kwa miguu hadi msikiti wa Al-Azhar, nami nikapitiliza kituo. Nikamwuliza mama mmoja kwa Kiarabu changu kilichochanganyika. Hakunielekeza kwa maneno. Alishuka nami, akanivusha upande wa pili, akangoja hadi treni ya kurudi ilipofika. Jina lake sikulipata, ila dua naendelea kumwombea.

Mwezi wa pili tulikwenda watatu kumzuru Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyolelewa nayo Pwani: mimi, mwenzangu wa Ngazija, na msichana wa Indonesia tunayesoma naye. Kaburi lake liko kusini mwa mji, chini ya kuba kubwa la mbao lililojengwa na Sultani al-Malik al-Kamil mwaka 1211. Niliinua macho nikaona juu kabisa ya kuba pameketi mashua ndogo ya shaba. Mimi, mtoto wa bahari, niliyekwisha wiki kadhaa sijaona hata tanga, nilibaki nimeduwaa.

Ndani, baada ya salamu na dua, niliikumbuka historia yake. Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria. Babake alifariki yeye angali mchanga, na mamake akamchukua Makka akamlea katika ufukara ili asome. Alipohamia Misri alikuwa tayari mwanazuoni mkubwa, mwenye rai alizoziandika Iraq. Lakini hapa alikaa akazipitia upya nyingi katika hizo, na hadi leo wanafunzi wa fiqhi hufunzwa kauli yake ya zamani na kauli yake mpya. Alifariki hapa hapa mwaka 204 Hijria. Nikajiuliza: ikiwa Imamu hakuona haya kuanza upya katika mji wa watu, mimi naona haya kwa ajili ya mkate?

Tulipotoka nje, yule wa Indonesia aliitazama ile mashua akasema, "Safina." Kisha akaanza kusoma kwa moyo kitabu kidogo cha fiqhi cha Safinatun-Naja. Yule wa Ngazija akadakia, nami nikafuatia. Wasichana watatu wa visiwa na pwani tatu za bahari moja, tumefunzwa kitabu kimoja tukiwa wadogo. Siku hiyo nilihisi kuwa Cairo nina ndugu.

Kwenu wazazi, nina ombi moja. Mtoto akiwaambia kutoka mbali kwamba kila kitu ni salama, msitosheke. Muulizeni amekula nini, amezungumza na nani, na leo amejifunza neno gani. Naye akikiri kuwa ameshindwa, msimlaumu, bali mpeni jambo dogo la kufanya kesho. Nawe ndugu yangu mwanafunzi, usimfiche mamako hali yako. Dua yake itakufikia ulipo, lakini mwache ajue analoliombea.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio safarini, awape elimu yenye manufaa, na awarejeshe nyumbani salama. Amin.