Zima Hiyo Tochi

"Mjomba, boti ya kwenda kuona vimulimuli kwenye mikoko inaondokea bichi gani?"

Swali hili nimeulizwa msibani, nimeulizwa ndani ya matatu, na safari moja nimeulizwa na kinyozi hapa sokoni Rangwe, wembe uko shingoni na siwezi hata kutikisa kichwa. Kazi yangu ni wadudu, kwa hiyo watu huona nina deni la kuwajibu. Wa mwisho kuuliza ni mtoto wa dada yangu, aliyeteremka kutoka Nairobi na wenzake watatu, kamera mbili, na tochi ya kutosha kumulika Kisumu nzima. Alinionyesha video ile ile ambayo wote hunionyesha: mto mweusi, mtumbwi unateleza, na ukingoni mti mzima unawaka na kuzima, unawaka na kuzima, matawi yote kwa pamoja, kama taa za Krismasi.

Nianze na mikoko, maana haitachukua muda. Mkoko huota pale maji ya chumvi yanapojaa na kupwa. Ziwa letu ni la maji baridi, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Unachokiona ukingoni ukishatoka Homa Bay mjini ni mafunjo, matete, na gugu maji lililotuvamia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mikoko ya Kenya iko Pwani, zaidi ya nusu yake Lamu, mingine Mida, Gazi, Vanga na penginepo. Na hata ungeenda Gazi ukazama kwenye tope mpaka magotini katikati ya mikandaa, michu na mililana, ule mti wa kwenye video usingeuona. Wadudu wale ni Pteroptyx tener, wa kando ya Mto Selangor nchini Malaysia, na mti wanaoupenda wenyeji huuita berembang. Mti huo ni ndugu wa mlilana wetu. Lakini undugu wa mti hauleti mdudu: jenasi nzima ya Pteroptyx ni ya Asia ya kusini-mashariki na kuelekea Australia. Afrika haipo. Kama uliwahi kupiga kasia usiku kwenye hori la Lamu ukaona maji yanameremeta, hao ni viumbe wa baharini wadogo wasioonekana kwa macho, wanaowaka maji yakitikiswa. Nao si vimulimuli.

Hayo yangetosha kwa siku ya kawaida. Kilichonikalisha mezani kuandika ni tochi.

"Tukiwamulika watakuja tu," mpwa wangu alisema, kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa juzi.

Imani hii kwamba kimulimuli huvutwa na mwanga imekaa vichwani mwa watu kiasi kwamba wapo manahodha wanaoiuza. Miaka kadhaa iliyopita nilishawishiwa kupanda boti ya namna hiyo, jioni, upande wetu wa Ghuba ya Winam. Nauli ilikuwa ya kichwa, na juu yake ikaongezwa "ya taa". Taa zenyewe zilikuwa mbili, za sola, zimefungwa kwenye omo. Hazikupita dakika 20, hewa ikajaa wadudu. Walituingia masikioni, puani, kwenye chai. Mama mmoja akapaza sauti, "Vimulimuli hao!" na kwa kuwa ilibidi afungue mdomo ili aseme, akawameza watatu wanne.

Nilimchukua mmoja aliyetua kwenye mkono wa shati langu. Mwembamba kama mbu, mabawa kama karatasi ya nailoni, vipapasio vyenye manyoya kama unyoya wa ndege, mdomo usioweza kuuma hata akitaka. Alikuwa akimetameta vizuri kabisa, kwa mwanga wa nahodha. Nilipomfunika kwa kiganja alizimika. Jaribio hili halina gharama na kila mtu anaweza kulifanya: mfunike. Kimulimuli wa kweli ukimfunika, vidole vyako ndivyo vinavyoanza kuwaka kwa ndani.

Yule alikuwa sami, inzi wa ziwani, ambaye mtoto yeyote wa ufukweni anamjua. Mabuu yake hukulia kwenye tope la ziwa, kisha wakati wa mwezi kuandama huibuka kwa mamilioni, wingu linasimama juu ya maji kama moshi wa mtu anayechoma shamba. Wazee wetu waliwakusanya, wakawaponda na kuwaoka, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wamewachunguza kama chakula. Protini anayo tele. Mwanga hana hata chembe.

Na hata huyo sami, usidhani anaipenda taa. Mwaka 2024 Samuel Fabian wa Imperial College London na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa kamera za kasi. Walionyesha kwamba mdudu arukaye usiku hugeuza mgongo wake kuelekea upande wenye mwanga, kwa sababu tangu enzi na enzi upande wenye mwanga ulikuwa ndio juu, yaani angani. Ukiweka taa kando yake, "juu" imehamia ubavuni. Anageuza mgongo, anapinda, anazunguka, hawezi kutoka. Wale waliotuingia puani usiku ule walikuwa wamepotea njia, na nahodha alikuwa ametoza pesa kwa upotevu wao.

Sasa kimulimuli mwenyewe. Mwanga wake hutoka sehemu ya mwisho ya tumbo, pale kemikali iitwayo lusiferini inapokutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya. Hauunguzi, na si wa mapambo. Ni maneno. Dume huruka akiwasha kwa mpigo wa aina yake, na jike ametulia chini kwenye nyasi, anatazama, anajibu. Wanaofahamika vizuri zaidi ni Photinus pyralis wa Marekani: dume huwasha kila baada ya sekunde kama 6, na jike humjibu baada ya sekunde 2 hivi. Jibu likiwahi au likichelewa, dume anapita zake. Mapenzi yote yako kwenye kile kipindi cha giza katikati.

Ukishaelewa hilo, utaona tochi inafanya nini. Wakenya hatuhitaji maabara kulielewa, maana tuna vimulimuli vya aina nyingine, vile vya juu ya magari. Msafara wa mheshimiwa ukipita na ving'ora vyake, wawili waliokuwa wakinong'onezana kando ya barabara hunyamaza mpaka upite. Tochi yako, simu yako, taa ya usalama ya jirani inayowaka mpaka asubuhi, yote ni misafara. Dume haoni jibu. Jike haoni swali. Wengine huacha kuwasha kabisa. Na mdudu huyu akishafikia utu uzima huishi wiki chache tu, kwa hiyo usiku mmoja ulioharibiwa si kitu kidogo kwake.

Hapo mpwa wangu akanikata kauli. Alikuwa ameshapekua simu. "Mjomba, mbona hapa wameandika mtafiti aliwaita kwa tochi?"

Ni kweli, na nashukuru kwamba kijana amesoma zaidi ya kichwa cha habari. James Lloyd, Mmarekani, miaka ya 1960 aliwafanya madume wamfuate kwa kutumia tochi ndogo. Lakini tazama alivyofanya. Taa hafifu, iliyoshikwa chini karibu na nyasi, ikiwashwa mara moja, kwa ufupi, baada ya muda ule ule ambao jike wa spishi ile angesubiri. Alijifunza lugha, kisha akadanganya kwa lugha hiyo. Lloyd huyo huyo ndiye aliyeeleza majike wa Photuris, wanaoiga jibu la majike wa spishi nyingine ili dume aje, kisha wakamla. Nilimuuliza mpwa wangu tochi yake ni ya wati ngapi. Hakujibu.

Hata wale wa Malaysia wanaokufanya uulize swali hili hawaitwi kwa taa. Kampung Kuantan, karibu na Kuala Selangor, mgeni hupelekwa kwa mtumbwi wa makasia, na kupiga picha kwa mwako wa kamera ni marufuku. Wadudu walikuwapo mtini kabla yake na watabaki akiondoka. Kuhusu kule kuwaka kwa pamoja, nisijifanye kwamba wataalamu tumekuwa na akili siku zote. Mwaka 1917 Philip Laurent aliandikia jarida la Science kwamba jambo hilo halipo, na kwamba alipoliona mwenyewe aligundua ni kope zake zilizokuwa zikipepesa. Ilibidi John na Elisabeth Buck wasafiri hadi Thailand miaka ya 1960 kupima, na ndipo kope za Laurent zikapumzishwa. Na zile picha tulivu ambamo msitu mzima umejaa nukta za dhahabu? Nyingi ni picha kadhaa zilizopigwa kwa dakika nyingi kisha zikawekwa moja juu ya nyingine. Jicho lako halitaona hivyo, na usimdai mtu nauli yako kwa sababu hiyo.

Basi wapi utawaona? Nchi kavu, mwanangu. Buu la kimulimuli huishi ardhini penye unyevu kwa miezi mingi, likila konokono na koa. Kwa hiyo nenda palipo na konokono: nyasi ndefu kando ya kijito, bondeni palipobaki na maji ya mvua, mpaka wa shamba ambalo halijapigwa dawa. (Kabla hujaniuliza: hapana, hawatatumalizia kichocho. Konokono wa kichocho anaishi majini, na mabuu mengi ya vimulimuli yako nchi kavu. Wahudumu wa afya wakija na vidonge, meza vidonge.) Huku Rangwe hakuna haja ya kuteremka ziwani kabisa. Nenda majira ya mvua za masika, usiku usio na mwezi, kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu hivi. Vaa gambuti kwa ajili ya nyoka. Ukifika zima kila kitu, simu ikiwemo, kisha kaa dakika 15 bila kuwasha chochote ili macho yazoee. Ukilazimika kuona njia, funga karatasi nyekundu ya nailoni juu ya tochi na uielekeze miguuni. Usiwatie kwenye chupa. Sisi tuliwatia, na asubuhi tulikuta chupa ya maiti.

Kama unataka boti kwa sababu unataka boti, panda, lakini ujue unakwenda kuona nini. Zile taa zinazoonekana mbali usiku, mstari mrefu unaopanda na kushuka kana kwamba kuna mji katikati ya ziwa, ni wavuvi wa omena. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola, zinaelea juu ya maji huku mtumbwi ukisubiri. Omena hujikusanya chini ya mwanga, kisha wavu unazungushwa. Hapo ndipo taa huvuta kweli, na ndipo, nadhani, watu walipoutoa uwongo wao kuhusu vimulimuli. Wavuvi hao hutoka siku za giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Tena kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa, kwa hiyo anayekuja Pasaka akitaka vimulimuli wa masika na taa za omena kwa usiku mmoja amekosa hesabu.

Uliza ofisi ya usimamizi wa ufuo (BMU) ya bichi unayokwenda, wao ndio wanaojua boti ipi inavuja. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku, kwa kuwa pepo za nchi kavu hukutana katikati ya maji yenye joto, basi ukiona radi upande wowote rudi, hata kama ulishalipa. Viboko hutoka majini kwenda malishoni giza likiingia, na hupita ukingoni hapo hapo unapotaka kupigia picha. Usisimame kati ya kiboko na maji. Nahodha akikwambia atawasha taa ili vimulimuli waje, mwambie akupunguzie hiyo ya taa.

Na mikoko, kwa yule ambaye bado anaitaka, kuna basi la Mombasa.